Maoni ya Mtazamaji wa Kibandani: Filamu Nilizozipenda na Zilizonivunja Moyo

Utangulizi

Kwanza nikiri jambo moja, ili msomaji asije akanilaumu baadaye. Mimi si mhakiki wa filamu. Sikusomea sinema, sijui kushika kamera, na majumba ya sinema yenye viti laini nimeyaingia mara mbili tu maishani, zote mbili kwa kulipiwa. Ninachokijua ni kutazama. Nimetazama filamu tangu nikiwa na miaka saba au minane, nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbao lisilo na mahali pa kuegemea, na nimebishana juu ya filamu na kila mtu aliyekubali kubishana nami. Mwalimu wetu wa fasihi alipotuambia tuandike insha ya uhakiki juu ya kazi yoyote ya sanaa, wenzangu wengi walichagua riwaya na tamthilia. Mimi nimechagua filamu kwa sababu ndizo zilizonilea kabla vitabu havijanifikia.

Katika insha hii nitazungumzia filamu sita. Zote zinahusu nchi yangu Uganda na majirani zetu, Kenya na Zanzibar. Baadhi nilizipenda, baadhi zilinivunja moyo, na moja ilinifanyia yote mawili kwa wakati mmoja. Darasani tumezoea kuigawa kazi katika fani na maudhui. Nitaufuata mgawanyo huo pale utakaponisaidia. Lakini kadiri nilivyoandika, niliona kwamba swali ninaloiuliza kila filamu ni fupi kuliko hayo: humu ndani nani anazungumza, kwa lugha gani, na anazungumza na nani?

Kibanda na vijee

Nimekulia katika kituo kidogo cha biashara nje ya mji wa Masaka. Kibanda chetu cha video kilijengwa kwa mbao na mabati, na madirisha yalizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Mlangoni palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku ile, mara nyingi yakiwa na makosa ya tahajia. Nje kilitundikwa kipaza sauti cha kuwavutia wapita njia. Asiyekuwa na hela ya kuingia alikaa chini ya kipaza sauti hicho akasikiliza filamu nzima mpaka mwisho. Mimi nilianza hivyo. Nilizisikia filamu kabla sijaziona.

Niliweza kuzifuata bila kuona kwa sababu ya vijee. Kwa msomaji wa nchi nyingine nieleze kwamba kwetu vijee ni mtu anayeitafsiri filamu kwa Kiganda huku yenyewe ikiendelea. Akina VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana Uganda kuliko waigizaji wengi wa Marekani. Vijee haishii kwenye kutafsiri. Humpa jambazi wa Hong Kong jina la Kiganda, humsema vibaya adui kabla hajafanya ubaya wenyewe, hukumbusha kwamba yule bwana ndiye aliyetoroka mwanzoni, na mapigano yakianza hushangilia kama mtangazaji wa mpira. Kenya wana DJ Afro, ambaye hufanya kazi hiyo kwa Kiswahili na Sheng. Tanzania walikuwa na Lufufu, ambaye nimeambiwa na rafiki zangu wa huko kwamba sauti yake hawataisahau.

Siku moja darasani mmoja wetu alisema kwamba mavijee wanaharibu sanaa ya watu. Nilimpinga kwa hasira, na sasa naomba nimjibu kwa utaratibu. Katika kile kibanda chetu walikaa waendesha bodaboda, wauza ndizi, mafundi baiskeli na watoto kama mimi. Wengi wao hawakujua Kiingereza, na wengine hawakujua kusoma, kwa hiyo hata maandishi ya chini yasingewasaidia. Bila vijee wangetazama picha za watu wanaofungua na kufunga midomo. Vijee aliwapa nafasi ya kukaa mezani.

Lakini mwenzangu hakukosea kabisa. Nilipofika chuoni nilitazama upya filamu moja ya Jackie Chan niliyoipenda sana utotoni, safari hii bila vijee. Nilishangaa kukuta ina ukimya. Kulikuwa na sehemu ambapo mzee anakaa peke yake, hasemi kitu, na huzuni yake inaonekana machoni. Katika kumbukumbu yangu sehemu ile ilijaa maneno na utani. Vijee hapendi ukimya, kwa sababu mteja aliye nje chini ya kipaza sauti haoni macho ya mzee. Kwa hiyo alinipa filamu, na papo hapo alinificha sehemu yake. Nimeamua kumshukuru kwa lile na kumsamehe kwa hili.

Who Killed Captain Alex?: kelele yetu wenyewe

Filamu ya kwanza ninayotaka kuitetea ni Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa mwaka 2010 na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Gharama yake inayotajwa mara nyingi ni kama dola 200 za Marekani. Bunduki ni za kuchongwa na kuunganishwa kwa vyuma chakavu, helikopta zimechorwa kwenye kompyuta, na wanaokufa ni majirani wa mtengenezaji. Kisa ni chepesi. Kapteni Alex anatumwa kulivunja genge liitwalo Tiger Mafia, anauawa, na ndugu yake Bruce U, bingwa wa kung fu, anakuja kumtafuta muuaji.

Wanafunzi wenzangu kadhaa huionea haya filamu hii. Husema inatuchekesha mbele ya wageni. Kwa upande wa maudhui sina pa kuitetea sana. Kichwa chake kinauliza swali ambalo filamu yenyewe hailijibu: mpaka mwisho hatuambiwi nani alimuua Kapteni Alex. Wahusika hawana undani, na ukiwafumba midomo huwezi kumtofautisha askari na jambazi.

Ninaipenda kwa upande wa fani. Filamu inayopatikana leo ina sauti ya VJ Emmie ndani yake. Anawatania wahusika, anaisifu filamu, anatusifu sisi watazamaji kwa kuwa na subira. Kwa lugha ya darasani, msimulizi amegeuka kuwa mhusika. Anayeitazama akiwa Ulaya huona kichekesho kigeni. Mimi niliyekaa chini ya kipaza sauti niliona kibanda chetu kimeingia ndani ya filamu. Kelele ambayo zamani ilipachikwa juu ya kazi za watu wengine, safari hii imewekwa juu ya kazi yetu, na mwenye kazi ameridhia.

Kuna habari moja inayonihuzunisha. Nakala halisi ya filamu hii haipo tena, kwa sababu Nabwana alilazimika kuifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Tunachokitazama ni nakala iliyosalia kwenye DVD. Kila mtu anayeicheka angekumbuka jambo hilo kwanza. Huyu ni msanii aliyefuta kazi ya jana ili aweze kufanya ya kesho.

Queen of Katwe: nyumba yetu, lugha ya wageni

Filamu iliyonipendeza na kunivunja moyo kwa pamoja ni Queen of Katwe ya mwaka 2016. Imeongozwa na Mira Nair, ambaye anaifahamu Kampala kwa kuishi, si kwa kupita. Inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyekuwa akiuza mahindi, akajifunza sataranji kwa kocha Robert Katende mpaka akaiwakilisha nchi. Phiona anaigizwa na Madina Nalwanga, binti wa Kampala, na mama yake anaigizwa na Lupita Nyong'o.

Nianze na mazuri. Mandhari ni ya kweli. Vumbi, matope, vitenge, mafuriko yanayoingia nyumbani usiku na kubeba kila kitu, yote nayajua. Lupita anaigiza mama ambaye anaogopa matumaini kuliko anavyoogopa njaa, kwa sababu njaa ameizoea. Nimewaona mama wa namna hiyo. Halafu, filamu inapokwisha, kila mwigizaji anasimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza. Nalwanga na Phiona wanasimama pamoja, wanatazamana, wanacheka. Nililia. Sikumbuki kuona filamu nyingine iliyowarudishia wenye kisa kisa chao waziwazi namna ile.

Sasa nieleze kilichonivunja moyo. Katika filamu hii mama wa Katwe anawagombeza watoto wake kwa Kiingereza. Jirani anamsengenya jirani kwa Kiingereza. Najua sababu: filamu ilitengenezwa na Disney ili iuzwe duniani kote, na watazamaji wengi wa huko hawapendi kusoma maandishi ya chini. Sababu naielewa, lakini hasara yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Tuchukue sehemu ambapo watoto wa Katwe wanakwenda kushindana katika shule ya King's College Budo, wanakosoma watoto wa wenye uwezo. Filamu inatuonyesha hofu yao kupitia viatu, mashuka meupe na chakula kingi. Inasahau hofu iliyo kubwa kuliko zote hizo. Mtoto maskini wa Uganda akiingia shule kubwa, kinachomtisha kwanza ni Kiingereza. Shule ya bweni niliyosoma mimi ilikuwa na kipande cha ubao chenye kamba, na aliyesikika akizungumza Kiganda alivishwa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa siku tatu mfululizo katika wiki ya kwanza. Ningekuwa Phiona, ningeogopa kumsalimia yule mtoto wa Budo kuliko kucheza naye. Lakini kwa kuwa katika filamu mtoto wa Katwe na mtoto wa Budo wanazungumza lugha moja tangu mwanzo, ukuta mrefu kuliko yote kati yao umeondolewa kabla hatujauona. Filamu inatuambia Phiona ameruka ukuta, na ukuta wenyewe umefichwa.

The Last King of Scotland: Kiswahili kilichomtisha jjajja

Hapa inanibidi nisimulie jambo la nyumbani. Wakati wa likizo moja, binamu yangu alileta filamu ya The Last King of Scotland kwenye laptopu yake. Ni filamu ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kevin Macdonald kutokana na riwaya ya Giles Foden iliyotoka mwaka 1998. Forest Whitaker anaigiza Idi Amin, na kwa uigizaji huo alipata tuzo ya Oscar. Inajulikana kwamba alijifunza Kiswahili ili aiweze nafasi hiyo.

Tulikaa sebuleni. Jjajja, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa pembeni akichambua maharage, hatazami. Kiingereza hakijui, kwa hiyo filamu ilimpita kama redio ya watu wengine. Kisha Amin wa kwenye filamu akasema maneno ya Kiswahili. Yalikuwa maneno machache tu. Mikono ya jjajja ilisimama juu ya ungo. Akasema kwa Kiganda, taratibu kabisa, "Zimeni hiyo kitu." Tukazima.

Kesho yake aliniambia. Katika miaka ya 1970 askari waliokuwa kwenye vizuizi vya barabarani walizungumza Kiswahili. Maneno anayoyajua jjajja ni yale aliyoyasikia huko: simama, kitambulisho, toa pesa, lala chini. Kiswahili chake chote ni cha kuamrishwa. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yalipofika Masaka, mizinga ikaubomoa mji, na askari walioingia nao pia walizungumza Kiswahili. Watu waliwaita wakombozi. Jjajja anasema mmoja wao alimwita mama na kumwambia asiogope. Alimshukuru Mungu, lakini aliendelea kuogopa, kwa sababu sauti ilikuwa ile ile.

Nami wakati huo nilikuwa mwaka wa pili nasomea Kiswahili. Jjajja nilikuwa nimemwambia nasomea ualimu, nikaishia hapo.

Baadaye niliitazama filamu ile peke yangu mpaka mwisho, na haya ndiyo maoni yangu. Whitaker alistahili tuzo yake. Amewaonyesha watu jinsi Amin alivyoweza kuchekesha na kuua kwa uso mmoja, na kwamba watu walimpenda kabla ya kumkimbia. Kasoro iko katika usimulizi. Mhusika mkuu ni Nicholas Garrigan, daktari kijana wa Skotlandi ambaye hakuwahi kuwapo duniani. Kila tunachokiona tunakiona kwa sababu yeye yupo. Hata mkasa wa Kay, mke wa Amin aliyefariki mwaka 1974, filamu imeupachika kwa huyu kijana wa kubuni, kana kwamba mwanamke yule asingeweza kuwa na habari ya kusimuliwa bila mgeni kuhusika. Waganda wanakufa pembezoni mwa picha, na yule wa kwetu anayefanya jambo la kishujaa analifanya ili Garrigan aokoke.

Kisha Garrigan anapanda ndege pamoja na mateka wa Entebbe mwaka 1976, na filamu inakwisha. Nilibaki nikifikiri juu ya ndege ile. Kwa filamu, ndege ikiruka hatari imekwisha. Kwa jjajja ilibaki miaka mitatu mingine, na hakuwa na ndege. Ningetamani mtu siku moja aanzishe filamu pale pale ile inapokomea, kamera ibaki uwanjani, ndege iende zake.

Nairobi Half Life na Vuta N'Kuvute: Kiswahili chenye watu

Baada ya jambo lile nilianza kutafuta filamu ambazo ndani yake Kiswahili ni lugha ya watu, ya kupendana, kudanganyana na kuombana chumvi. Nitaje mbili.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga, inamhusu Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja. Anacheza nafasi zote yeye mwenyewe, anapiga risasi kwa mdomo, anakufa na kufufuka. Nilipomwona nilisema huyu ni ndugu yetu, ni vijee asiye na kipaza sauti. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ile ile anayofika, anatupwa korokoroni, na mwishowe anaishi maisha mawili, mchana jukwaani na usiku katika genge la wezi. Wahusika wamejengwa vizuri. Hata mwizi ana sababu zake, na hata polisi ana njaa yake, ingawa njaa ya polisi ndiyo inayoua.

Lugha yake ilinishusha kiburi. Mimi niliyejiona nakijua Kiswahili kwa kuwa nilipata alama nzuri katika ngeli, nilikwama dakika za mwanzo tu. Sheng ilinipita kushoto na kulia. Ikabidi nimwombe Mkenya ninayeishi naye bweni awe vijee wangu. Alinitafsiria Kiswahili kwa Kiswahili, huku akicheka.

Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tumeisoma. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmini anaikimbia ndoa ya kulazimishwa, anakutana na Denge anayepigania uhuru. Kwa mara ya kwanza niliyasikia maneno ambayo nilikuwa nimeyapigia mistari kitabuni yakitoka vinywani mwa watu. Nilikuwa nimeyasoma kwa lafudhi ya Masaka miaka miwili. Kumbe yana wimbo wake.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza, aliyeisoma riwaya atawakosa watu wengi na visa vingi. Najua filamu haiwezi kubeba kitabu kizima, lakini katika riwaya nilichekeshwa mno, na katika filamu nilicheka mara chache. La pili, picha zake ni nzuri kupita kiasi. Kila ukuta, kila kanga, kila kivuli kimepangwa. Mara kwa mara niliutazama ukuta nikamsahau aliyesimama mbele yake. Pamoja na hayo, ningependa kila mwanafunzi wa Kiswahili aione, na ninasikitika kwamba filamu kama hii huonekana zaidi katika matamasha kuliko katika vibanda. Mtoto aliyekaa chini ya kipaza sauti kule kwetu bado hajaisikia.

Supa Modo: siku niliyokuwa vijee

Filamu ninayoipenda kuliko zote sita ni Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina wa Kenya. Jo ni msichana wa miaka tisa anayeumwa ugonjwa usiopona. Anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamrudisha nyumbani kutoka hospitalini ili amalizie siku zake karibu naye, na anataka kumfungia ndani asichoke. Dada yake anaona vingine. Anawashawishi watu wa kijiji kizima wajifanye kwamba Jo ana nguvu za shujaa. Akiamuru wasimame, kijiji kizima kinaganda. Akikaa golini, mpira haupiti.

Filamu hii ingeweza kuharibika kwa urahisi. Kisa cha mtoto anayekufa kinaweza kumkamua mtazamaji machozi bila kumpa kitu. Kilichoiokoa ni kwamba mwongozaji hawacheki wanakijiji na hawatukuzi. Wanagombana, wanachelewa, wanasahau walichopangiwa kuigiza. Na mama hakufanywa mtu mbaya. Ubishi wake na binti yake mkubwa ni ubishi wa watu wawili wenye haki: mmoja anataka Jo aishi siku nyingi zaidi, mwingine anataka siku zilizobaki ziwe na uhai. Mpaka leo sijaamua ningemuunga mkono nani.

Likizo iliyofuata niliipeleka nyumbani. Nilimwambia jjajja kuna filamu ya mtoto mgonjwa, naye akakubali kukaa. Hakuna vijee aliyewahi kuitafsiri kwa Kiganda, nijuavyo. Basi nikaketi kando yake nikaitafsiri mimi. Mwanzoni nilisema sana, kama nilivyofundishwa na kipaza sauti cha kibandani. Halafu ikafika sehemu ambapo mama amekaa na Jo na hakuna anayesema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga. Jjajja alitazama mwenyewe. Alihitaji macho yake tu.

Ilipokwisha alikaa kimya muda, kisha akaniuliza, "Wale wanazungumza Kiswahili?"

Nikasema ndiyo, pamoja na Kikuyu na Kiingereza kidogo.

"Na ndicho unachokisomea."

Hakuwa anauliza. Sijui alijua tangu lini. Nilisema ndiyo, jjajja. Akatikisa kichwa, akaokota ungo wake. Baadaye jioni alinitaka nimwambie yule mama alikuwa akimwitaje mtoto, akalirudia neno, "mwanangu", akasema linakaribiana na letu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba filamu haipimwi kwa gharama yake wala kwa tuzo zake. Who Killed Captain Alex? haina pesa na ina sauti yake. Queen of Katwe ina pesa na moyo, lakini imewanyima watu wa Katwe ndimi zao. The Last King of Scotland ina mwigizaji mkubwa na imemweka mgeni katikati ya msiba wetu. Nairobi Half Life na Vuta N'Kuvute zimenifundisha kwamba Kiswahili nilichokisoma ni mlango tu, na nyumba iko ndani. Supa Modo imenifundisha lini vijee anyamaze.

Kwa walimu wetu nina ombi. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Maamuzi hayo ni mazuri, lakini wapo wazee wengi kama jjajja ambao kwao lugha hii bado inatoka kwenye kizuizi cha barabarani. Sheria haiwezi kuwatoa hofu. Filamu yaweza, kidogo. Tupewe nafasi ya kuzitafsiri filamu za Kiswahili kwa lugha za kwetu, ziwe sehemu ya mazoezi ya kozi ya tafsiri, kisha tuzipeleke vibandani. Mavijee wapo tayari, na mabenchi yapo.

Kwa wanafunzi wenzangu nina shida moja ndogo. Kabla sijarudi chuoni jjajja aliniagiza nimletee filamu nyingine ya Kiswahili, ila isiwe na askari. Nimezipitia zote nilizonazo. Nairobi Half Life ina polisi wabaya, na Vuta N'Kuvute ina polisi wa mkoloni. Bado natafuta. Mwenye nayo anitafute kabla ya likizo.